Sheria Ipo, Inakwama Wapi? Ulinzi wa Mtoto kutoka Mpendae hadi Mahakamani

Katika kikao cha wazazi kilichofanyika Mpendae baada ya sala ya Alasiri, ambapo nilialikwa kuzungumzia afya ya watoto, bibi mmoja aliyekuwa kimya muda wote aliinua mkono mwishoni. "Dokta mwanangu," alisema, "kila siku tunaambiwa sheria ya udhalilishaji ipo. Basi inakwama wapi?" Nilimjibu kwa ufupi kwa sababu jua lilikuwa linazama na watu walitaka kuondoka. Jibu langu halikumridhisha, wala halikuniridhisha mimi. Makala haya ni jaribio la kumjibu kwa ukamilifu.

Sheria tunazo

Bibi yule alisema kweli. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya mwaka 2011, inamtambua kuwa mtoto kila mtu aliye chini ya umri wa miaka 18, na inaweka wajibu juu ya wazazi, jamii na Serikali wa kumlinda. Mwaka 2015 sheria hiyo ilipewa tuzo ya dhahabu na taasisi ya World Future Council ya Hamburg, Ujerumani, kwa kuwa miongoni mwa sera bora duniani za kulinda haki za watoto. Mwaka 2018 zikaja Sheria mpya ya Adhabu na Sheria mpya ya Mwenendo wa Jinai, na mwaka 2021 ikaanzishwa mahakama maalumu ya kusikiliza kesi za udhalilishaji.

Huduma nazo hazikuachwa nyuma kabisa. Mwaka 2011 kilifunguliwa katika Hospitali ya Mnazi Mmoja kituo cha kwanza cha Mkono kwa Mkono hapa Zanzibar, ambako daktari, polisi, mshauri nasaha na afisa ustawi wa jamii hukutana chini ya paa moja, ili mtoto asizungushwe ofisi nne akirudia maneno yale yale ya uchungu.

Tumetoka mbali. Sheria ya mwaka 1985 ilimpeleka jela mwanamke asiye na mume aliyepata ujauzito, naye huenda alikuwa msichana mdogo aliyeharibiwa na mtu mzima. Kifungo hicho kiliondolewa mwaka 2005 tu. Nakumbusha historia hii ili tujue kwamba sheria si mlima usiosogezwa. Watu wa hapa hapa waliisogeza, kwa hoja na kwa subira.

Takwimu zinasema nini

Mwaka 2009 ulifanyika utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto, Tanzania Bara na Zanzibar, kwa kuwahoji vijana wa kike na wa kiume wenye umri wa miaka 13 hadi 24. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kilishiriki, pamoja na UNICEF na kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, na ripoti ilitolewa mwaka 2011. Kwa upande wa Zanzibar, takriban wasichana 6 katika kila 100 na wavulana 9 katika kila 100 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Waliopigwa au kuumizwa mwili walikuwa takriban wasichana 6 na wavulana 7 katika kila 10.

Mambo mawili yanahitaji kutazamwa kwa makini. Kwanza, hizi ni hesabu za waliokubali kusema. Wengi wa waliodhurika hawakuwahi kumwambia mtu yeyote, na wavulana walinyamaza zaidi ya wasichana. Pili, kwa Zanzibar idadi ya wavulana ilizidi ya wasichana, ilhali tunapozungumza juu ya udhalilishaji, fikra zetu, na mara nyingi huduma zetu, humwelekea msichana peke yake.

Siku nne za mtoto mmoja

Ili tuone mahali mnyororo unapokatika, tumchukulie mtoto wa kiume wa miaka 9 anayeishi Mpendae. Si mtoto halisi. Ni sura niliyoikusanya kutokana na watoto wengi. Asubuhi huenda skuli, mchana huenda chuoni kusoma Qur-ani, jioni hucheza mpira na wenzake. Jumapili mchana anadhuriwa na jamaa wa upande wa baba, mtu anayeingia nyumbani bila kubisha hodi.

Jumatatu usiku mtoto anamwambia bibi yake. Jumanne bibi anamwambia mama, mama anamwambia baba. Jumatano wazee wanakaa. Mmoja anasema yule ni damu yetu. Mwingine anakumbusha nani aliyelipia matibabu ya babu mwaka jana. Wa tatu anasema tumsitiri mtoto, jambo likitoka nje atachekwa hadi ukubwani. Alhamisi jioni mama anamshika mtoto mkono, anapanda naye daladala na kwenda hospitali peke yake.

Kinachopita katika siku hizo nne tunakiita muhali, yaani ile aibu ya kumkatalia au kumshitaki mtu tunayehusiana naye. Mahali pengine muhali ni adabu na hulinda undugu. Hapa humlinda mkosaji. Na sitara, ambayo ni fadhila kubwa katika mila na dini yetu, imekusudiwa kumfunika aliyedhurika asifedheheke. Haikukusudiwa kumfunika aliyedhuru apate nafasi ya mtoto wa pili.

Mpendae si mbali na Mnazi Mmoja. Ikiwa siku nne zimepotea kwa mtoto anayeishi umbali wa safari fupi ya daladala kutoka kwenye kituo cha huduma, hebu tufikirie mtoto wa Makunduchi au wa Micheweni.

Saa 72

Siku hizo nne zina bei yake katika tiba. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI baada ya tukio hufanya kazi iwapo zitaanzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita hupunguza faida yake. Baada ya kuanzwa hunywewa kwa siku 28. Mtoto wetu aliyedhuriwa Jumapili mchana alifika hospitali Alhamisi jioni, saa zaidi ya 96. Mlango huo umeshafungwa. Kwa msichana aliyebaleghe, dawa ya dharura ya kuzuia ujauzito hutolewa ndani ya saa 120, nayo pia hufaa zaidi inapotolewa mapema. Chanjo ya homa ya ini aina ya B na ya pepopunda hutegemea mtoto alishachanjwa nini.

Ushahidi nao huondoka. Mtoto aliyeogeshwa, nguo zilizofuliwa, shuka lililoanikwa, vyote hupoteza chembe ambazo maabara ingeweza kuzisoma vinasaba. Kwa hiyo mzazi akumbuke mambo machache. Amlete mtoto kabla ya kumwogesha. Nguo alizovaa ziwekwe katika mfuko wa karatasi, zisiwekwe katika mfuko wa plastiki, kwa sababu unyevu huharibu sampuli. Asimhoji mtoto tena na tena. Amsikilize, amwambie kwamba anamwamini na kwamba hakosi lolote, kisha aje. Na hata kama siku zimepita, aje, maana tiba ya magonjwa, ushauri nasaha na ulinzi havina mwisho wa saa 72.

Kwa wenzangu wa hospitali nasema jambo moja: tiba haisubiri fomu. Fomu namba 3 ya polisi, ambayo wengi huiita PF3, ni ya kusaidia haki ipatikane. Isiwe kizuizi cha dozi ya kwanza ya dawa.

Maneno matatu kwenye fomu

Hapa inanipasa kusema kosa langu mwenyewe. Katika miaka yangu ya mwanzo ya udaktari nilimpima msichana mdogo aliyeletwa na shangazi yake. Mtoto alieleza waziwazi alichofanyiwa na nani alimfanyia. Nilimpima, sikuona jeraha, nikaandika kwenye fomu maneno matatu: "Hakuna jeraha lolote." Nilidhani nimesema kweli, na kweli sikuona jeraha. Lakini maneno yale matatu yalisomwa mahakamani kana kwamba nimesema hakuna kilichotokea. Mshitakiwa aliachiwa. Shangazi alinitazama alipotoka, hakusema neno.

Nilichokosa siku ile ni kueleza jambo ambalo sayansi ililijua tayari: watoto wengi mno waliodhuriwa kingono hawana dalili yoyote mwilini wanapopimwa. Katika uchunguzi mmoja mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, uliohusu watoto zaidi ya 2,300 walioletwa kupimwa kwa sababu ya udhalilishaji, takriban 96 katika kila 100 walikuwa na matokeo ya kawaida. Uchunguzi mwingine wa mwaka 2004 uliwahusu wasichana 36 waliokuwa wajawazito. Kwa wote hao tendo lilikuwa limetokea bila shaka yoyote, lakini ni 2 tu walioonekana kuwa na dalili ya wazi ya kuingiliwa.

Sababu zake ni nyepesi kueleweka. Matendo mengi ya udhalilishaji hayaachi jeraha kabisa. Sehemu hizo za mwili ni laini, hutanuka na hupona haraka, mara nyingi kwa siku chache bila kovu. Kizinda si utando uliofunga unaotoboka kama ngoma. Ni ukingo wa nyama wenye maumbo tofauti kwa kila mtoto, na hakiwezi kutueleza kama mtu amewahi kuingiliwa au la. Ndiyo maana mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitaka vipimo vya ubikira vikomeshwe kila mahali, kwa kuwa havina msingi wa kisayansi na humdhuru tena anayepimwa. Kwa wavulana hali ni hiyo hiyo: kutoonekana jeraha si ushahidi kwamba mtoto amesema uongo.

Siku hizi nikimpima mtoto asiye na jeraha huandika sentensi ndefu zaidi: kwamba matokeo ni ya kawaida, kwamba matokeo ya kawaida ndiyo yanayotarajiwa kwa watoto wengi waliodhuriwa, na kwamba hayathibitishi wala hayakanushi maelezo ya mtoto. Kisha naandika maelezo hayo kwa maneno ya mtoto mwenyewe. Sentensi hiyo haigharimu kitu. Lakini daktari aliye peke yake kwenye zamu ya usiku, ambaye hakufundishwa, hataiandika, kama mimi nilivyoshindwa kuiandika.

Mahakama ya Rufani ya Tanzania imekwisha kueleza katika maamuzi yake kwamba ushahidi wa kweli wa kosa la kubakwa hutoka kwa aliyetendewa, na Bara, tangu mwaka 1998, sheria imeruhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto pekee iwapo imeridhika kwamba anasema kweli. Msingi huo unapaswa kuwa wazi katika kila chumba cha mahakama, ili fomu ya daktari isaidie ushahidi wa mtoto na isichukue nafasi yake.

Kati ya hospitali na hukumu

Tuseme mama wa mtoto wetu hakurudi nyuma na kesi ikafunguliwa. Tangu hapo anahitaji nauli ya kwenda polisi, nauli ya kwenda mahakamani, na siku za kuacha biashara yake ya mandazi. Kesi ikiahirishwa kwa sababu shahidi hakufika, anarudi tena. Sampuli za vinasaba kwa miaka mingi zililazimika kuvuka bahari kwenda Dar es Salaam, na kila safari ya sampuli ni miezi katika maisha ya mtoto. Mtoto wa miaka 9 anayetoa ushahidi baada ya mwaka mmoja na nusu ameshakuwa mtoto mwingine. Amesahau rangi ya shati, amechoka, na wakati huo wote jamaa wameendelea kupita nyumbani kumshauri mama ayamalize. Siku moja mama haji. Faili linafungwa kwa kukosa ushahidi.

Tatizo hili si letu peke yetu. Kenya ina Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006, ambayo ni kali kwelikweli. Hata hivyo mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Kenya iliyoketi Meru ililazimika kutoa uamuzi kwamba polisi, kwa kutochunguza ipasavyo malalamiko ya wasichana waliobakwa, walivunja haki zao za kikatiba, na ikaamuru uchunguzi ufanywe mara moja na kwa ukamilifu. Sheria ilikuwepo miaka saba kabla. Kilichokosekana ni kazi ya kuitekeleza.

Fungu la bajeti ni sehemu ya sheria

Hapa ndipo ninapoweza kumjibu bibi wa Mpendae. Kwa sehemu, sheria inakwama kwenye muhali wetu nyumbani. Kwa sehemu kubwa inakwama kwenye vitu ambavyo vinaonekana vidogo: nauli ya shahidi, mafuta ya gari la upelelezi, dawa za kinga zenye dozi ya mtoto, chumba chenye mlango unaofungwa, kemikali za maabara, mshahara wa afisa ustawi wa jamii. Kila kimoja ni mstari katika bajeti, na pale mstari usipokuwepo, kifungu cha sheria hubaki karatasi.

Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto ililisema hili mwaka 2016, katika maelezo yake ya jumla namba 19 kuhusu bajeti za umma: nchi iliyoridhia Mkataba wa Haki za Mtoto inawajibika kupanga, kutenga na kutumia fedha ili haki hizo zitekelezeke. Tanzania iliridhia mkataba huo mwaka 1991. Kwa hiyo kutenga fedha za kumlinda mtoto ni deni tulilojitwisha kwa hiari yetu, wala si hisani.

Vituo vyetu vya Mkono kwa Mkono vilianza kwa msaada wa wafadhili kama Save the Children, na tunawashukuru. Lakini mradi una tarehe ya mwisho, na udhalilishaji hauna. Huduma ya mtoto aliyedhuriwa inapaswa kuwa na fungu lake katika bajeti ya Serikali, linalotajwa kwa jina, linalosomwa katika Baraza la Wawakilishi kila mwaka, na linaloulizwa mwaka unaofuata: lilitumikaje?

Anayesema fedha hazitoshi na atazame upande wa pili wa hesabu. Mwaka 1998 Vincent Felitti na wenzake walichapisha uchunguzi wa watu wazima zaidi ya 9,500 huko California. Waliopitia aina nne au zaidi za madhila utotoni walikuwa na uwezekano wa mara 4 hadi 12 zaidi wa kupata ulevi, matumizi ya dawa za kulevya, sonona na kujaribu kujiua, wakilinganishwa na wasiopitia madhila hayo. Gharama ya kutomlinda mtoto hailipwi na mtu mmoja siku moja. Hulipwa kwa miaka, katika wodi zetu, katika nyumba za kurekebisha tabia, na katika ndoa zinazovunjika.

Yanayohitaji kukamilishwa katika sheria

Fedha peke yake hazitoshi, maana sheria zenyewe zina mianya. Sheria ya Mtoto inamtambua mtoto hadi miaka 18, lakini haikuweka umri wa chini wa ndoa. Inakataza ukatili, lakini inamwachia mzazi ruhusa ya kumrudi mtoto ilimradi asimdhuru mwili na akili, na mpaka huo kila mtu huuchora anapotaka. Kosa la kubaka linamtazama mwanamke, na mvulana aliyedhuriwa hujikuta chini ya kosa la kulawiti, jina ambalo kwa masikio ya watu linamchafua yeye pamoja na mkosaji. Kwa mtoto wa miaka 9, jina la kosa linaweza kuwa sababu tosha ya kunyamaza. Na ingefaa sheria itamke bila kupindapinda kwamba kosa la udhalilishaji wa mtoto halimalizwi kwa sulhu ya wazee, awe nani aliyeisimamia.

Madaktari tuna sehemu yetu. Mwaka 1962 Henry Kempe, daktari wa watoto huko Denver, Marekani, pamoja na wenzake, waliandika makala kuhusu watoto waliovunjwa mifupa na wale waliowalea. Ilipofika mwaka 1967 karibu majimbo yote ya nchi hiyo yalikuwa yametunga sheria za kuwalazimisha madaktari kutoa taarifa. Walichofanya ni kuandika walichokiona, kwa uwazi, mahali ambapo watunga sheria wangeweza kukisoma. Fomu zetu, ripoti zetu za mwezi na makala kama haya yanaweza kufanya kazi hiyo hiyo.

Mzazi naye asisubiri bajeti. Mtoto akidhuriwa, afikishwe hospitali siku hiyo hiyo, kabla ya kikao chochote cha familia. Asiyejua aanzie wapi apige 116, namba ya huduma kwa mtoto, bila malipo, Bara na Zanzibar. Na bajeti inapojadiliwa kabla ya Julai, mwakilishi wa jimbo aulizwe swali lile lile lililoulizwa na bibi wa Mpendae. Akijibu kwamba sheria ipo, aulizwe la pili: fungu lake ni shilingi ngapi?